Pikapu ya salfa: filta mpya iliyoziba na filta safi iliyotoboka

Pikapu aina ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 2KD-FTV, ya lita 2.5 na tabo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), ililetwa gerejini kwetu Masasi mwishoni mwa Agosti ikiwa na lalamiko moja tu: inakosa nguvu ikipanda mlima. Mwenye gari ni mkulima wa korosho wa Newala ambaye, mbali na mashamba yake mwenyewe, huchukua kazi ya kupulizia mikorosho ya watu wengine katika msimu wa salfa, kisha kuanzia Oktoba hutumia gari hilohilo kubebea magunia ya korosho kutoka mashambani hadi ghala la chama cha msingi. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Likiwa tupu, hata mlima wa kupandia Newala ukitokea upande wa Masasi halikuushindwa. Likipakiwa mzigo na dereva akikanyaga mafuta, lilivuta kidogo, likalegea, taa ya injini ikawaka, na tangu hapo halikuzidi kilomita 30 kwa saa mpaka lizimwe na kuwashwa upya.

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu swali alilokuja nalo mwenye gari ndilo wanalokuja nalo wengi, yaani filta za injini hubadilishwa lini. Yeye jibu alikuwa nalo tayari. Kwenye pembe ya kioo cha mbele palibandikwa stika ya sevisi iliyofanyika gereji nyingine, ikionyesha kwamba filta zote tatu, ya hewa, ya oili na ya dizeli, zilibadilishwa siku moja, na kwamba sevisi inayofuata ni baada ya kilomita 5,000. Tangu siku hiyo gari lilikuwa limetembea kilomita 3,000 na ushee. Kwa hesabu ya stika, muda ulikuwa haujafika. Kwa hali ya filta zenyewe, mbili kati ya tatu zilikuwa zimekwisha, na kila moja ilikuwa imekwisha kwa sababu yake.

Wasioishi na mikorosho wanahitaji kuelezwa kazi ya gari hili, kwa maana ndiyo iliyoamua kila kitu. Kuanzia Mei au Juni hadi Agosti, mikorosho ikitoa majani machanga na maua, wakulima wa Mtwara na Lindi hupuliza unga wa salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Unga huo wa njano ni laini mno, na hupulizwa alfajiri wakati majani yana umande na upepo haujaanza, ili ushike vizuri. Mashine hubebwa mgongoni. Gari huingia shambani gizani likiwa na mifuko ya salfa, petroli ya mashine na vijana wanne au watano, husimama katikati ya mikorosho na kuwashwa taa kubwa ili watu waone wanapokanyaga, na dereva, akihofia betri kuisha, huiacha injini ikinguruma muda wote huo. Ni muda wa saa mbili, hata tatu nzima, hadi jua litoke. Wingu la njano linalotanda shambani huvutwa na injini pamoja na hewa yake, na dashibodi haiandiki hata kilomita moja.

Hapo ndipo stika ilipoanza kudanganya. Wapo watengenezaji wa magari wanaozihesabu saa za kunguruma. Ford, kwa mfano, hukadiria kwamba saa moja ya injini kuwaka gari likiwa limesimama ni sawa na mwendo wa maili 33, yaani kama kilomita 53. Kwa kipimo hicho asubuhi moja ya saa tatu shambani ni zaidi ya kilomita 150 ambazo hazimo kwenye dashibodi wala kwenye stika. Juu ya hayo, kilomita 3,000 zilizoandikwa zilikuwa karibu zote za njia za ndani za uwanda wa juu wa Makonde, zenye kichanga chekundu ambacho wakati wa kiangazi, gari moja likitangulia, la nyuma yake haliioni barabara.

Kabla ya kufungua chochote tulizungumza na dereva, kijana ambaye yuko na gari hilo tangu liliponunuliwa.

"Likilegea, linatoa moshi mweusi?"

"Hapana, fundi. Moshi hauna kabisa. Linalegea tu, kama limenyimwa mafuta."

Jibu hilo lilipunguza kazi kwa nusu. Injini ya dizeli inayokosa hewa, filta ya hewa ikiwa imeziba kwelikweli, kwa kawaida hutoa moshi mweusi ikibebeshwa mzigo, kwa sababu dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Inayokosa mafuta hulegea bila moshi. Mtu wa kwanza aliyeombwa msaada barabarani alikuwa ameanza na filta ya hewa, akaipuliza, akairudisha, na gari likaendelea kulegea vilevile. Mashine ya kupimia ilipochomekwa ilitoa alama P0087, ambayo maana yake ni kwamba shinikizo la mafuta kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia mafuta nozeli zinazoyapuliza ndani ya silinda, ni dogo kuliko linalotakiwa. Alama hiyo haisemi filta. Inaweza kuwa pampu, nozeli inayovujisha kurudi nyuma, vali ya shinikizo, bomba linalovuta upepo, au filta. Lakini katika orodha hiyo filta ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayotangulia kwenye njia ya mafuta, kwa hiyo anayeanza na pampu anatafuta hasara.

Kwenye injini hii filta ya dizeli hukaa chini ya boneti, juu yake kuna pampu ndogo ya mkono, na chini yake kuna skrubu ya kumwagia maji pamoja na kitambuzi kinachowasha taa ya onyo maji yakijaa. Taa hiyo haikuwa imewaka hata siku moja, na sababu tuliiona kabla ya kuinama sawasawa: waya wa kitambuzi ulikuwa unaning'inia. Filta ilipobadilishwa, kitambuzi kilihamishwa kutoka filta kuukuu kwenda mpya kama inavyotakiwa, kikafungwa, na waya haukuchomekwa. Aliyefanya sevisi hiyo hatumtaji, na si yeye peke yake. Tumeliona jambo hili kwenye magari mengi kiasi kwamba sasa ni kitu cha kwanza tunachokitazama.

Tulikata chupa ya maji ya kunywa, tukaikinga chini ya filta, tukalegeza skrubu. Kilichotoka kwanza hakikuwa dizeli. Yalikuwa maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yenye chembechembe za kutu zilizokuwa zikizunguka polepole na kutua, na juu yake ndipo dizeli ikaja kutanda, kukiwa na mstari kati yake na maji ambao mtoto angeuonyesha kwa kidole. Maji yalifika kimo cha vidole viwili. Karatasi ya filta ilipochanwa ilikuwa na utando mlaini wa kahawia kama uliopakwa kwa brashi. Filta hiyo kwa nje iling'aa, na maandishi yake yalikuwa hayajaguswa hata na mafuta.

Mwenye gari, mzee wa makamo anayependa kuelewa kila shilingi inakokwenda, aliitazama chupa kwa muda.

"Lakini hii ni mpya, fundi. Nimeilipia mwezi wa sita."

"Ni mpya kweli, mzee wangu. Imejazwa mapema."

Inafaa kueleza kwa nini maji kiasi hicho yana uzito mkubwa katika injini kama hii kuliko yalivyokuwa katika dizeli za zamani. Pampu ya mfumo wa reli husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi bar 1,000, na vipande vyake vya ndani, pamoja na vile vya nozeli, vimeachiana nafasi ya maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Dizeli yenyewe ndiyo inayovilainisha vipande hivyo. Maji hayalainishi, na yakilala mle ndani wakati gari limeegeshwa huleta kutu. Filta ya dizeli ina kazi mbili kwa pamoja, kukamata uchafu na kutenga maji, na kazi ya pili hukoma pale sehemu ya chini inapojaa. Baada ya hapo maji huendelea na safari. Bei ya nozeli moja ya injini hii inanunua filta za dizeli za miaka kadhaa, na nozeli ziko nne.

Tulifunga filta mpya, tukachomeka waya, tukapampu kwa mkono hadi pampu ikawa ngumu, ishara kwamba upepo umetoka, kisha gari likapakiwa na kupandishwa mlima uleule. Lilipanda bila kulegea na alama haikurudi.

Tulimwambia mwenye gari kwamba kazi haijaisha, kwa kuwa filta haitengenezi maji. Imeyapokea kutoka mahali. Tulitaka tanki lishushwe siku ileile. Aliomba lisubiri kwa sababu palikuwa na mzigo unaomngoja, na gari ni lake. Wiki haikuisha, safari hii taa ya maji ikawaka, kwa kuwa waya ulikuwa mahali pake, na dereva akasimama, akamwaga maji kwenye filta kama alivyoelekezwa, akarudi Masasi taratibu. Tanki liliposhushwa tulikuta chini yake tope la kahawia, na chujio la wavu lililoko kwenye mdomo wa bomba la kuvutia mafuta likiwa limefunikwa sehemu kubwa.

Chanzo kilikuwa pipa. Shamba liko mbali na kituo cha mafuta, na katika msimu wa salfa mwenye gari hununua dizeli ya kutosha majuma kadhaa, huihifadhi nyumbani katika pipa la chuma la lita 200 lililosimamishwa uani. Si jambo la ajabu. Kila anayefanya kazi mbali na kituo hufanya hivyo kwa namna moja au nyingine, kwa pipa au kwa madumu. Tatizo ni namna pipa linavyopumua. Mchana jua hulipasha, hewa na mvuke vilivyomo ndani hutanuka na kujipenyeza nje kupitia mdomo ambao haukukazwa. Usiku pipa hupoa, kilichomo ndani husinyaa, na pipa huvuta kutoka nje. Kama umande umetuama juu ya mfuniko, na mfuniko wa pipa lililosimama una ukingo unaokinga maji kama sahani, kinachovutwa ni maji. Hakuna haja ya mvua. Asubuhi zenye umande za Juni na Julai, zilezile ambazo mkulima wa salfa anazitaka, zinatosha. Maji yakishaingia huzama chini, maana ni mazito kuliko dizeli, na mpira wa kunyonyea mafuta aliokuwa akiutumia dereva ulikuwa ukishushwa hadi kugusa sakafu ya pipa.

Suluhisho lilikuwa dogo kuliko tatizo. Pipa liliwekwa kivulini na kuinamishwa kwa kuwekewa kipande cha ubao upande mmoja, midomo ikiwa upande wa juu ili maji yakimbilie mbali nayo. Mfuniko ulipata mpira mpya. Mpira wa kunyonyea ulifungwa kwenye fimbo yenye kituo kinachouzuia kushuka chini ya kiganja kimoja kutoka sakafuni. Na pipa likijazwa halichotwi mpaka siku inayofuata. Mafuta ya mwisho yanayobaki chini hayaingii kwenye gari.

Filta iliyoonekana safi

Filta ya hewa ilikuwa habari nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi, ingawa haikuwa imeleta lalamiko lolote. Dereva alijivunia.

"Hiyo usiiguse, fundi. Naipuliza kila tukitoka shamba. Iko safi kuliko ya dukani."

Ilikuwa safi kweli. Karatasi ilikuwa karibu nyeupe, na ndani ya mikunjo hapakuwa na unga wa njano wa kuonekana. Tuliipeleka kwenye kona yenye giza tukaiwekea tochi upande wa ndani, na mwanga ukatokeza nje sehemu tatu kwenye kilele cha mikunjo, vitobo vidogo ambavyo jicho halikuviona mchana, pamoja na mchaniko mmoja wa urefu wa punje ya mchele karibu na ukingo. Kompresa ya fundi pancha huwa na shinikizo la bar 8 hivi, na dereva alikuwa akiushikilia mdomo wa mpira karibu na karatasi ili unga wote utoke. Watengenezaji wengi wa filta za karatasi hawataki zipulizwe kabisa. Wanaoruhusu husema shinikizo lisizidi bar 2, mdomo wa mpira uwe mbali, na upepo utoke ndani kwenda nje. Kugongesha filta taratibu kwenye kiganja, upande wenye vumbi ukiwa chini, kunatosha kuondoa unga uliolegea.

Kutoboka hakukuwa peke yake. Kishikizo kimoja cha boksi la filta kilikuwa kimevunjika na nafasi yake imefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, hivyo kona moja ya kifuniko haikukaa. Tulifungua bomba linalotoka kwenye boksi kwenda kwenye tabo, tukapitisha kitambaa cheupe ndani. Kilitoka na alama nyekundu. Huu ndio uchunguzi ambao ningependa kila mwenye gari la vumbi aujue, kwa sababu upande mchafu wa filta humwambia mtu kwamba filta imefanya kazi, na upande unaopaswa kuwa safi ndio unaomwambia kama bado inaifanya. Kitambaa kikitoka na vumbi, filta hiyo itupwe hata kama imefungwa juzi, na pafanyike upekuzi wa boksi, vishikizo na kila mpira hadi kwenye tabo.

Kuna jambo ambalo madereva hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Filta ya hewa ya karatasi iliyoshika vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko ile iliyotoka dukani, kwa sababu vumbi lililotanda juu ya karatasi huziba matundu makubwa na kukamata chembe ndogo ambazo karatasi peke yake ingeziachia. Anayeifungua kila siku huondoa tandiko hilo, na kila anapolifungua boksi huipa vumbi nafasi ya kudondokea upande safi. Filta ya hewa hubadilishwa inapoanza kuinyima injini hewa, au inapoharibika. Rangi yake si kigezo. Hata ile hofu kwamba filta chafu hula mafuta inahitaji kuwekewa mipaka: uchunguzi wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani uliotolewa mwaka 2009 kwa magari ya petroli ya kisasa uligundua kwamba filta iliyoziba haikuongeza sana matumizi ya mafuta, kwa kuwa kompyuta ya gari hupunguza petroli kulingana na hewa inayoingia, kilichopungua ni wepesi wa gari kuchomoka. Dizeli ina tabia zake, lakini mtu asibadilishe filta kila mwezi akitumaini kuokoa mafuta kituoni.

Vumbi lililopita lilikuwa limekwenda wapi? Kwanza kwenye tabo. Tulitazama mapanga yake upande wa hewa: kingo zilikuwa zimepoteza ukali kidogo, kama kisu kilichotumika, lakini hazikuwa na mapengo, na shafti haikuwa na mchezo wa kutia shaka. Kisha kwenye silinda, ambako mchanga, ulio mgumu kuliko chuma cha silinda, husugua ukuta na ringi. Injini ikinguruma tulifungua kifuniko cha kujazia oili ili kuona kama kuna upepo mkali unaotoka, dalili ya gesi kupita kando ya pistoni. Ulikuwepo wa kawaida tu. Mwisho wa safari ya vumbi hilo ni kwenye oili, na kwa hiyo deni la filta ya hewa hulipwa na filta ya oili.

Filta ya oili ndiyo iliyokuwa na unyonge mdogo kuliko zote, na sitakaa nayo muda mrefu. Tuliifungua kwa kikatio cha makopo. Msumeno haufai kwa kazi hii, maana unga wake wa chuma hudondokea kwenye karatasi na kumfanya mtu aone balaa ambalo halipo. Karatasi ilitandazwa juani: masizi meusi, mchangamchanga laini uliosikika ukisuguliwa kati ya vidole, vimeta vya chuma vichache sana. Kwa kilomita ilikuwa bado na muda. Tuliibadilisha pamoja na oili yote, karibu lita saba, kwa sababu mbili. Moja ni mchanga huo. Nyingine ni salfa: ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu hutengeneza asidi, na ingawa oili ya injini ya dizeli huwekewa viambato vya kuipunguza makali, viambato hivyo huisha. Wasiojua muundo wa filta ya oili hudhani kwamba ikiziba injini itakosa oili na taa itawaka. Ndani yake, au kwenye kiti chake, kuna vali ambayo upinzani wa karatasi ukizidi hufunguka na kuiruhusu oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni nafuu kuliko kutokuwa na oili. Gari litakwenda, taa itakuwa imezimwa, na beringi zitakuwa zinaoshwa kwa uchafu. Ndiyo maana filta hii haina dalili ya kungojwa, na ndiyo pekee kati ya tatu ambayo ningeshauri ifuate stika bila ubishi: kila oili inapomwagwa, nayo itoke.

Jambo moja la ufungaji, kwa wanaojifanyia wenyewe. Mpira wa filta kuukuu mara nyingine hubaki umeng'ang'ania kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, mipira miwili haitashika, na oili yote inaweza kumwagika njiani kabla hujafika Mtama. Pitisha kidole kwenye kiti, paka mpira mpya oili, kaza kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana si ya kukazia.

Ratiba iliyowekwa

Mwenye gari alitaka namba, na alikuwa na haki ya kuzitaka. Hatukumpa namba moja kwa filta tatu. Oili na filta yake: kilomita 5,000, au mwisho wa msimu wa salfa, au mwisho wa kubeba korosho, lolote litakalotangulia, na kwa mara hii moja, kwa sababu ya mchanga uliokwisha kupita, kilomita 2,500. Filta ya dizeli: maji yamwagwe kila Jumamosi maadamu gari linakunywa kutoka kwenye pipa, filta yenyewe ibadilishwe kila kilomita 10,000, na moja ya akiba ikae nyuma ya kiti pamoja na chupa iliyokatwa, kwa sababu filta ikiziba katikati ya Tandahimba na Newala hakuna stika itakayosaidia. Gari la aina hii likifanya kazi ya lami tupu kati ya Mtwara mjini na Lindi, likinywa mafuta ya kituoni, filta hiyohiyo ya dizeli ingeweza kufika kilomita 20,000 na ile ya hewa 30,000 bila mtu kuonewa. Na wenye magari madogo ya petroli wasiinakili ratiba hii: mengi yana filta ya mafuta ndani ya tanki pamoja na pampu, na haikukusudiwa kutolewa kwa kufuata kalenda.

Kwa filta ya hewa tulikataa kutaja kilomita. Badala yake tulifunga kwenye bomba, kati ya boksi na tabo, kipimo kidogo cha mvuto kama vile vilivyoko kwenye malori. Kipimo hicho huonyesha injini inavyotumia nguvu kuvuta hewa, na alama yake hubaki pale ilipofika hata injini ikizimwa, mpaka mtu abonyeze kitufe. Kwenye injini nyingi za malori ya dizeli kikomo ni kilopaskali 6 hivi. Kwa pikapu hii tulichora mstari wa rangi chini zaidi ya hapo na kumwambia dereva kwamba alama ikigusa rangi, abadilishe. Isipogusa, boksi lisifunguliwe. Kishikizo kilichovunjika kilipata kingine, na bei ya kipimo pamoja na kishikizo ilikuwa chini ya ile ya filta mbili nzuri. Ninasema nzuri kwa makusudi. Feki ni nyingi madukani, na ya hewa hujulikana kwa urahisi kuliko nyingine: mikunjo michache iliyoachana, mpira wa ukingo mgumu usiobonyea, na kwenye boksi inacheza.

Palikuwa na ubishi kidogo kuhusu gari kunguruma shambani. Tulipendekeza taa za kuchaji zitumike badala ya taa za gari. Mzee alisema taa hizo huibwa. Tukakubaliana gari liegeshwe upande upepo unakotokea, pembezoni mwa shamba, ambako wingu la salfa halifiki kwa wingi, na taa zimulike kutoka huko.

Katikati ya Desemba gari lilirudi kwa ajili ya oili, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na gari limepakwa vumbi hadi kwenye vitasa. Alama ya P0087 haikuwa imerudi. Chupa ya Jumamosi, alivyoeleza dereva, ilikuwa ikitoa matone tu, na majuma mengine dizeli tupu. Filta ya oili ilipokatwa mchangamchanga ulikuwa umepungua, na tukairudisha ratiba kwenye kilomita 5,000. Kipimo cha mvuto kilikuwa hakijafika hata nusu ya njia kwenda kwenye rangi. Dereva aliomba filta ya hewa ibadilishwe hata hivyo, kwa kuwa aliiona kupitia mdomo wa boksi na ilikuwa nyekundu ya kutisha. Tulipitisha kitambaa cheupe kwenye bomba, kikatoka kama kilivyoingia, na filta ikaachwa mahali pake hadi magunia ya mwisho yafike ghalani. Mapanga ya tabo yatatazamwa tena kabla ya salfa ya mwakani.